Nani Analipa Basi la Shabana?

Timu ikipanda daraja, kila mtu anakuwa kocha. Agosti 2023, Shabana ilipokuwa inajiandaa kurudi ligi kuu ya Kenya baada ya miaka 17 nje, hungeweza kupanda matatu ya Kisii–Keroka bila kupewa uchambuzi wa bure. Beki wa kati ni mzito. Straika anataka mwenzake. Kipa yuko sawa, lakini ngoja akutane na Gor Mahia. Na uchambuzi wote uliishia kwenye swali lile lile: watakaa, ama ni msimu mmoja halafu chini tena?

Mimi pia nilichangia, bana. Lakini ukikaa chini ukafuatilia timu zilizopanda daraja nchini hii miaka 20 iliyopita, utaona straika hana uzito mkubwa hivyo. Kinachoamua ni jambo la kuchosha ambalo hakuna shabiki ameliimbia wimbo: nani analipa basi. Basi la kwenda Mombasa siku ya Ijumaa, malazi ya usiku, chakula cha watu 30, na mshahara wa mwisho wa mwezi wakati timu imefungwa mechi nne mfululizo na hakuna anayetaka kuonekana nayo.

Tuanze na jina, kwa sababu jina la timu hii ni kama risiti. Shabana si neno la Ekegusii. Ni jina la Kiasia, jina la duka la hadiwea Kisii mjini, la misumari na mabati. Klabu ilianzishwa 1980, na jina la duka lililoibeba likawa jina lake.

Na wakati huo majina ya timu hayakuwa mchezo. Serikali ya Moi ilikuwa imetaka klabu ziache majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia kwa muda ikalazimika kujifunika na jina la Gulf Olympic Rangers, jina ambalo sijawahi kusikia shabiki akiliimba. Sasa fikiria Wagusii: katika enzi ya kufuta makabila viwanjani, wanapata timu ya kubeba roho ya Gusii nzima, nayo inaitwa kama duka. Hakuna mkuu wa wilaya angeweza kulalamika. Ungesema nini? Kwamba misumari ina ukabila?

Mashabiki wakaongeza jina lao wenyewe juu ya hilo: Tore Bobe. Tore ni tuko. Bobe ni vibaya. Tuko vibaya. Wazee wetu walikuwa wanaongea Sheng kabla hatujazaliwa.

Miaka ya 80 ndiyo hao wazee wanaizungumzia hadi leo, na si ajabu. Mpira wa Kenya ulikuwa umejaa pumzi. Mwaka 1987 Gor Mahia iliitoa Espérance ya Tunis kwenye fainali na kuleta nyumbani Kombe la Mandela, na siku za ligi redio ilikuwa inatembezwa shambani kama jembe. Baba mdogo wangu, ambaye amechuma majani chai hapa Gesima karibu maisha yake yote, anazikumbuka mechi za Shabana kwa sauti tu, kutoka VOK, kabla stesheni hiyo haijarudi kuitwa KBC mwaka 1989. Ukimuuliza Henry Motego alikuwa na sura gani, anaanza kukuelezea mbio zake. Motego alitoka kwetu, akavaa jezi ya Shabana na ya Harambee Stars, na huku kuna wanaume wa miaka 60 ambao bado hulitaja jina lake wakiona kijana yeyote mwenye kasi.

Shabana haikuwahi kuchukua ubingwa wa ligi. Nalisema mapema, kabla wazee hawajakudanganya. Lakini ilikuwa timu ya kupitia ukienda mbali. Mike Okoth, ambaye jina lake lenyewe linakuambia hakutoka Gesima, aliichezea Shabana kabla ya kufika Ubelgiji, akajiunga na KV Oostende mwaka 1992, na mwaka 1999 akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk. Mwanawe Divock alizaliwa Ostend mwaka 1995. Ndiye yule aliyefunga bao la pili la Liverpool dhidi ya Tottenham katika fainali ya Madrid, 2019. Usiku huo, kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, mtu alisimama akasema huyo ni mtoto wa Shabana, na wasee wote wakakubali bila kubisha. Ubingwa wa Ulaya nao ukawa umeingia Kisii kidogo.

Shida ni kwamba duka moja haliwezi kubeba timu milele. Ukitaka kuelewa kilichotokea baadaye, chukua orodha ya mabingwa wa Kenya uisome kama orodha ya waajiri. Utalii, chuo cha hoteli, 1997. Tusker, kampuni ya bia, mara kwa mara. Oserian, shamba la maua la Naivasha, 2001 na 2002. Ulinzi, jeshi, 2003 hadi 2005. Mchezaji wa timu hizi alikuwa na kitu ambacho mchezaji wa Kisii hakuwa nacho: ofisi ya kwenda kudai mshahara. Leo ukiwa kijana wa miaka 22 mwenye mguu mzuri, na mama anayengoja uezeke nyumba, utachagua gani? Hata mimi ningeenda kwa bia.

Mwaka 2006 ubingwa ulikwenda kwa SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, barabara ile ile inayotoka Kisii kuelekea Migori. Mwaka huohuo Shabana ikashuka daraja. Kusini mwa Nyanza, katika msimu mmoja, timu ya miwa ilipanda jukwaani kuchukua kombe, na timu ya nyimbo ikateremka ngazi. Hapo ndipo ningemwanzishia mtu yeyote anayetaka kusoma historia ya mpira wetu. Miwa ilikuwa na idara ya uhasibu. Sisi tulikuwa na Tore Bobe.

Miaka 17 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa timu ikishuka alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu achukue kitambulisho timu iliporudi. Kizazi kizima cha Gusii kilijua Shabana kama hadithi ya baba, huku chenyewe kikishabikia Arsenal na Man U. Ninakijua kizazi hicho, ni changu.

Na katika miaka hiyo, milango ya ligi kuu iliwafungukia wengine. Angalia walivyoishia.

Sofapaka walipanda wakachukua ubingwa msimu wao wa kwanza, 2009. Hiyo ndiyo hadithi ambayo kila timu mpya hujisimulia usiku. Batoto ba Mungu, waliitwa, na mwaka huo jina lilikaa sawa kabisa. Lakini hesabu ni ndogo: mmoja.

Nakumatt waliingia ligi kuu 2017 wakiwa na jina la supamaketi kubwa kuliko zote nchini. Ungesema hao wamefika, basi lao limelipiwa hadi kiama. Mwaka huohuo rafu za supamaketi zilianza kubaki tupu, wauza bidhaa wakidai pesa zao. Timu ikabadilisha jina ikawa Mount Kenya United, na 2019 ikashuka. Zoo ya Kericho, majirani zetu, nao walipanda 2017. Aprili 2021 waliondolewa kwenye ligi kwa amri ya FIFA, kesi ya kupanga matokeo. Mimi siwatetei. Ila ni rahisi kununua mchezaji ambaye hajalipwa, na hilo halikuanza Kericho.

Hata pesa za ligi yenyewe zilikuwa zinakuja na kuondoka kama mvua ya vuli. SuperSport, waliokuwa wanalipa kuonyesha mechi, walijitoa 2017 baada ya ligi kupanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Yaani kupanda daraja kwa timu za ziada ndiko kulikozima televisheni. SportPesa nao wakaondoka 2019, baada ya mzozo na serikali juu ya leseni na kodi. Timu iliyopanga bajeti yake Januari ikihesabu pesa hizo, Agosti ilikuwa inakopa maji ya kunywa.

Lakini mkasa ambao bado unaniuma ni wa 2022. Novemba 2021 serikali ilivunja FKF, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Ligi ikamaliziwa chini ya kamati ya muda, na kutoka daraja la chini wakapanda wawili: Fortune Sacco na APS Bomet. Wakashangilia. Marufuku ya FIFA ilipoondolewa Novemba 2022 na FKF ikarudi ofisini, msimu mzima ukafutwa. Waliopanda wakaambiwa hawakupanda. Walirudishwa chini bila kucheza hata dakika moja ya ligi kuu, na waliokuwa wameshuka wakabaki juu. Ukiniuliza matarajio ya timu iliyopanda daraja Kenya, nitakwambia kwanza ngoja tuhakikishe imepanda.

Ni baada ya fujo hiyo, msimu wa 2022/23, Shabana walipochukua ubingwa wa NSL, Murang'a Seal wakiwafuata nyuma. Safari hii hakuna aliyekuja kufuta.

Sasa tupige hesabu ya mwaka huo wa kurudi. Timu 18, mechi 34, na 17 kati ya hizo ni ugenini. Kutoka Kisii hadi Mombasa kucheza na Bandari ni karibu kilomita 800, na ukimaliza unageuza. Kati ya wapinzani 17, nane walikuwa na mwajiri mwenye lango na mlinzi: Tusker wana bia, KCB wana benki, Bandari wana bandari, Polisi wana polisi, Ulinzi wana jeshi, Posta Rangers wana posta, Bidco wana mafuta ya kupikia, na Nzoia wana sukari. Shabana walikuwa na nani?

Walikuwa na uwanja, kwanza. Gusii Stadium ilifanyiwa ukarabati kwa sababu sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2020 zilikuwa zinaletwa Kisii. Rais alihitaji mahali pa kusimama, na timu ya mpira ikarithi. Huku kwetu maendeleo huja hivyo, kwa mlango wa mgeni.

Na walikuwa na watu. Hili lazima nilisimulie polepole, kwa sababu watu wa Nairobi walishtuka. Walizoea mechi za ligi ambapo unaweza kuhesabu mashabiki na ukabaki na vidole. Kisha wakaja hawa, na mavuvuzela, na mwanamke wa miaka 50 amejipaka rangi usoni, na mabasi yaliyojaa kutoka Kawangware na kutoka Gusii yenyewe. Timu iliyokuwa imekaa chini miaka 17 ilikuwa na mashabiki ambao mabingwa wa kampuni hawajawahi kuwaota. Bia inaweza kununua kiungo wa kati, lakini haiwezi kununua mama mmoja aliyefunga duka lake Jumapili.

Lakini tusidanganyane. Pesa za mlangoni zina tabia zake. Zinapatikana ukicheza nyumbani tu, na Kisii mvua hupenda kunyesha saa tisa alasiri, saa ile ile ya mpira kuanza. Wiki mbili za ugenini ni wiki mbili bila tiketi. Halafu shabiki aliyelipa nauli yake mwenyewe si kama mfanyakazi wa benki aliyepewa jezi ya bure ofisini. Huyu anaona amenunua hisa. Timu ikifungwa anataka mkutano, na anataka kichwa cha mtu. Msimu ulipoanza kuwa mgumu kocha alibadilishwa katikati ya safari, akaletwa Sammy Omollo, Pamzo, beki wa zamani wa Harambee Stars. Timu ya kampuni ingeweza kungoja kimya. Timu ya watu haina kimya.

Walikaa. Haikuwa kwa uzuri, lakini walikaa. Na walioshuka mwisho wa msimu huo wa 2023/24 ni Muhoroni Youth na Nzoia Sugar. SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, hawakuwepo tena hata kushuka: walikuwa wameondolewa kwenye ligi 2019 kwa kushindwa kufika mechi zao. Timu ya ligi kuu ikakosa nauli. Kiwanda kilipougua, timu ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa dawa. Shabana nayo ilikuwa imezikwa na duka lake miaka mingi nyuma, kwa hivyo haikuwa na wa kuifilisi mara ya pili.

Msimu uliofuata walikuwa wanakimbizana na timu za juu ya jedwali. Ubingwa wa 2025 ulikwenda kwa Kenya Police, wa kwanza katika historia yao. Orodha ya waajiri inaendelea, unaona.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa matatu hawakuligusa, na kwa mtu wa Gesima ndilo kubwa. Gesima iko Nyamira. Shabana iko Kisii. Tangu 2013 hizo ni serikali mbili, magavana wawili, mabunge mawili, na soko la Keroka katikati, ambalo kaunti zote mbili zimelivutania kwa sababu ya ushuru. Timu ya mpira ni moja ya vitu vichache vya Gusii ambavyo mpaka haujavipasua. Sasa tuseme pesa za umma zianze kuingia, kama mashabiki wengi wanavyoomba kila msimu. Zitatoka wapi? Gavana wa Kisii akilipa basi, timu ni ya Kisii. Bunge la Nyamira likiombwa kuchangia timu ya Kisii mjini, nakuhakikishia kelele zitasikika hadi Manga. Na mwenye kulipa basi siku moja atataka kuamua nani anakaa kiti cha mbele, nani ni mwenyekiti, na uchaguzi ukija, jezi iwe na picha ya nani mgongoni.

Nilimuuliza baba mdogo kuhusu hilo, tukiwa tumesimama kwenye kituo cha kupimia chai, gunia lake likingoja mizani.

"Baba mdogo, wewe unaona Shabana ni ya Kisii ama ni yetu?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kama ugali ni chakula.

"Kwani wakati wa redio kulikuwa na Nyamira? Ilikuwa Kisii yote. Mimi sikuhama. Ni mpaka ulihama."

"Na serikali ikianza kuilipia?"

"Serikali itailipia hadi siku ya kura," akasema. "Halafu?"

Nikamwambia kuhusu SoNy na Nakumatt. Hakushangaa. Alisema hata chai inajua hiyo: kiwanda kikiwa cha mtu mmoja, siku akilala njaa mnalala wote. Kisha akaanza kuniuliza habari za Bomet.

Kwa sababu APS Bomet, wale waliofutiwa safari 2022, walirudi kwa mlango wa mbele. Mwaka 2025 walipanda pamoja na Nairobi United, miaka mitatu baada ya kuambiwa hawakupanda. Kutoka Keroka barabara inashuka moja kwa moja hadi Sotik, na mpaka huo wa Borabu na Sotik baba mdogo anaujua kwa sababu nyingine. Mapema 2008 watu walikesha kwenye mpaka huo na mishale, na nyumba zilichomwa pande zote mbili. Sasa majirani wale wale wana timu kwenye ligi moja na yetu, na mtu wa Gesima anaweza kuvuka Borabu na vuvuzela mkononi.

"Hiyo ya Bomet naenda," baba mdogo akasema. "Hata mvua inyeshe. Tumeshaongea na watu wa boda hapa stejini, tunakodi basi."

"Nani analipa?"

"Tunachanga." Gunia lake lilikuwa limefika kwenye mizani, akaliinua. "Wewe si uko Nairobi? Tuma mia tano. Na ya kutoa."